Watoto Nje: Mwongozo wa Familia kwa Misimu Minne ya Minnesota

Kama wewe ni mzazi Brooklyn Park, Minneapolis au St. Paul, wiki yako inajulikana: zamu ya usiku, shule ya watoto, ibada, kufua, kulala. Watoto hubaki na simu na televisheni, na miaka inapita. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia hiyo. Ni wa bibi na shangazi pia, waliokuja kutembea kutoka Kisumu, Arusha au Bukavu, wakakaa miezi mitatu wakitazama maegesho ya magari kupitia dirishani.

Minnesota ina maziwa 11,842 yanayozidi ekari 10 kila moja, mito mikubwa, misitu ya misonobari na hifadhi za jimbo zaidi ya 60. Sehemu kubwa ya utajiri huo ni mali ya umma. Mwenye nyumba na mpangaji, aliyezaliwa hapa na aliyeshuka ndege juzi, wote wana haki moja ya kuingia. Mtoto huwa mwenyeji wa mahali anapopajua kwa miguu yake. Kwa hiyo anzeni karibu na nyumbani, rudini mara kwa mara, kisha mwende mbali zaidi, na baridi isiwafungie ndani nusu ya mwaka.

Mambo ya pesa na vibali

Bustani nyingi za miji na za wilaya hazina kiingilio. Hifadhi za jimbo hutoza gari, hazihesabu watu: kuna kibali cha siku moja na kibali cha mwaka mzima. Familia ya watu sita ndani ya gari moja hulipa sawa na dereva aliye peke yake. Mkienda mara chache tu, kibali cha mwaka kimejilipa, nacho hutumika katika hifadhi zote za jimbo.

Kama bei ya kibali ni nzito mwezi huu, kuna njia mbili. Kwanza, uliza maktaba ya mtaa wako. Baadhi ya maktaba za umma huazimisha kibali cha siku 7 kama zinavyoazimisha vitabu, bila malipo. Pili, kila mwaka kuna siku nne ambazo hifadhi zote za jimbo huingiwa bure, na mojawapo ni Ijumaa inayofuata sikukuu ya Thanksgiving, ambayo watoto huwa hawaendi shule.

Kama mna mzee ambaye magoti yamechoka, piga simu hifadhini kabla ya kwenda. Baadhi ya hifadhi zina viti vya umeme vyenye minyororo kama ya trekta, vinavyopita kwenye mchanga na njia za msituni. Huvilipii, ila lazima uviwekee nafasi mapema.

Anzeni karibu

*Minnehaha.* Haya ni maporomoko ya mita 16 ndani ya jiji la Minneapolis. Huhitaji gari: treni ya Blue Line ina kituo hapo kando. Wapelekeni watoto juu kwanza wayaone maji yakianguka, kisha mshuke ngazi na kukifuata kijito hadi kinapoingia mto Mississippi. Huko chini maji ni ya kina kifupi siku za kiangazi, na watoto huvua viatu wakacheza. Beba taulo na soksi za kubadilisha. Rudini hapo Januari. Maporomoko hugeuka ukuta wa barafu, na mtoto aliyeyaona Julai hatasahau tofauti hiyo.

*Maziwa ya Minneapolis.* Bde Maka Ska, Harriet na Nokomis yana njia za lami zinazozunguka ziwa lote, ya waenda kwa miguu mbali na ya baiskeli, kwa hiyo mtoto anayejifunza kuendesha hagongani na mtu. Kulizunguka Bde Maka Ska ni kama kilomita 5, mwendo wa saa moja na nusu kwa familia yenye mtoto wa miaka mitano. Nokomis ina fukwe za mchanga zinazofaa wadogo. Hakikisha umechagua ufukwe na saa ambazo waokoaji wako kazini, maana si fukwe zote zinazolindwa.

*Como, St. Paul.* Bustani hii ya wanyama haina kiingilio. Mlangoni kuna sanduku, nawe unachangia unachoweza. Kando yake lipo jumba la vioo la mimea, lililofunguliwa mwaka 1915, ambalo ndani yake ni joto hata nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Wiki ile ya Februari ambayo kila mtu nyumbani amenuna, wapelekeni watoto humo wavue makoti na kukaa katikati ya minazi na maua.

*Elm Creek, Maple Grove.* Kwa wakazi wa Brooklyn Park na Brooklyn Center hapa ni jirani kabisa. Kuna uwanja mkubwa wa bembea na michezo, njia za msituni, na bwawa la kuogelea lenye sakafu ya mchanga na maji yaliyosafishwa kwa dawa. Kuingia hifadhini ni bure, bwawa lina ada yake. Kama mnataka kuchoma nyama na ndugu wengi, wekeni nafasi ya banda mapema. Banda la Jumamosi ya Julai halisubiri mtu. Makaa yakizimika, yamwageni penye chombo chake, kamwe msiyamwage chini ya mti.

*Fort Snelling.* Hii ni hifadhi ya jimbo iliyo chini ya uwanja wa ndege, mahali mto Minnesota unapokutana na Mississippi. Kisiwa cha Pike kina njia tambarare ya takriban kilomita 5. Watoto huona kulungu na bata bukini huku ndege kubwa zikipita juu ya vichwa vyao. Mahali hapa panataka pia kusimuliwa. Kwa watu wa Dakota, makutano haya ya mito, Bdote, ni mahali patakatifu. Hapohapo, katika majira ya baridi ya 1862 kuingia 1863, Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walizuiliwa kambini, na wengi walikufa. Juu kwenye ngome ya Fort Snelling, katika miaka ya 1830, waliishi Dred Scott na mkewe Harriet, Wamarekani weusi waliokuwa watumwani katika eneo ambalo sheria ilikataza utumwa. Kesi yao ya kudai uhuru ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1857 wakanyimwa. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuyaelewa haya akielezwa kwa utulivu, na anastahili kuyajua. Nchi anayokulia ina wenyewe wa asili, na watu weusi wameidai haki yao ndani yake tangu zamani.

Safari ya kwanza ndefu: chanzo cha Mississippi

Kama mtafanya safari moja tu ya kulala nje mwaka huu, nendeni Itasca. Ni mwendo wa saa tatu na nusu hadi nne kutoka Minneapolis. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1891, nayo ndiyo kongwe kuliko zote za jimbo. Ndani yake kuna maziwa zaidi ya 100 na misonobari iliyosimama kwa miaka zaidi ya 200.

Kinachowavuta watu ni mstari wa mawe. Pale maji yanapotoka Ziwa Itasca kuanza kuwa mto Mississippi, mto ni mwembamba na kina chake hakizidi magoti. Mtoto anauvuka kwa miguu. Kutoka hapo maji hayo husafiri kama kilomita 4,100 hadi Ghuba ya Mexico, safari inayokadiriwa kuchukua tone moja siku 90. Aliyewahi kusimama Jinja kuutazama mto Nile ukiondoka Ziwa Victoria ataielewa hisia hiyo, ila hapa hata wa miaka mitatu anashiriki, mkono mmoja ukiwa mkononi mwa baba. Mawe yana utelezi. Vaeni viatu vya kufunga visivyoogopa maji, na aliye mdogo avuke majini kandokando ya mawe, asipande juu yake.

Wasimulieni watoto habari mbili mkiwa hapo. Mwaka 1832 mgeni Henry Schoolcraft alionyeshwa ziwa hili na Ozaawindib, kiongozi wa Waojibwe, ambao walikuwa wakilijua siku zote. Na mwaka 1903 Mary Gibbs, msichana wa miaka 24, alipewa usimamizi wa hifadhi baada ya baba yake kufariki. Aliwakabili wakataji magogo waliofunga maji kwa bwawa na kuyafurikisha mazingira ya ziwa. Jengo la wageni hapo chanzoni lina jina lake. Kwa binti zako hadithi hiyo ni zawadi.

Siku ya pili kodini baiskeli, au zungukeni kwa gari barabara ya Wilderness Drive, kama kilomita 16 za msitu, mkisimama kila njia fupi inapowavutia. Wakubwa wenye moyo mgumu wapande mnara wa zamani wa kulinda moto, mita 30 kwenda juu, juu kabisa ya vilele vya miti.

Kwa kulala mna chaguo la hema au kibanda cha mbao. Nafasi za kambi hufunguliwa siku 120 kabla ya tarehe yenyewe, na wikendi za kiangazi huisha haraka, kwa hiyo kaa na kalenda mwezi Machi. Kama hamjawahi kupiga hema maishani, idara ya maliasili ya jimbo ina mafunzo ya wanaoanza, ambapo mnapewa hema, vifaa na mwalimu wa kuwaonyesha. Kuni zinunuliwe karibu na kambi. Kuni za kutoka mbali hubeba wadudu wanaoua miti. Usiku chakula chote kirudi ndani ya gari. Dubu weusi wa kaskazini huwakimbia watu, lakini harufu ya nyama huwavuta.

Pwani ya Ziwa Superior

Kwa ukubwa wa eneo, kati ya maziwa yote ya maji baridi duniani, Ziwa Victoria linazidiwa na moja tu, nalo ni Superior: kilomita za mraba zipatazo 82,000. Mji wa Duluth uko mwendo wa saa mbili na nusu kutoka Minneapolis, na siku moja inatosha kwa wanaoamka mapema.

Anzieni Canal Park. Daraja la chuma la hapo lilijengwa mwaka 1905, na sehemu yake ya barabara huinuliwa juu ili meli zipite. Baadhi ya meli zina urefu wa zaidi ya mita 300, na zinapita karibu nawe kiasi cha kuona mabaharia wakipunga mkono. Meli hupiga honi, daraja nalo hujibu. Ratiba ya meli hutangazwa kila siku, kwa hiyo ichunguzeni kabla, na mkisubiri ingieni makumbusho ya meli yaliyo hapohapo, bila kiingilio.

Kisha fuateni barabara ya 61 inayokwenda kaskazini kandokando ya ziwa. Gooseberry Falls ina maporomoko kadhaa yaliyo karibu na maegesho. Hata mwenye mtoto mgongoni atayafikia. Ukiegesha kwenye jengo la wageni hulipi kibali. Mbele kidogo uko mnara wa taa wa Split Rock, juu ya jabali la mita 40. Dhoruba ya Novemba 1905 iliharibu meli nyingi, serikali ikajenga mnara, ukakamilika mwaka 1910 na kuongoza meli hadi 1969. Kuingia mnarani kuna tiketi yake, tofauti na kibali cha hifadhi.

Watoto wa umri wa shule hupenda kutafuta akiki, mawe mekundu yenye mistari ambayo ndiyo kito rasmi cha jimbo. Ndani ya hifadhi za jimbo hairuhusiwi kuondoka na jiwe lolote. Tafuteni kwenye fukwe za umma nje ya hifadhi, hasa mawe yakiwa yamelowa na jua likiwa chini, maana ndipo akiki hung'aa.

Jihadharini na ziwa lenyewe. Maji yake ni baridi hata Julai, mwili hushikwa na ganzi kwa dakika chache, na upepo ukivuma mikondo huvuta watu kwenda ndani. Wadogo wachezee ukingoni, mtu mzima akiwa umbali wa mkono.

Kuvua samaki

Kwa watoto waliolelewa na hadithi za babu wa Mbita, Ukerewe au Kigoma, uvuvi ni njia ya kuunganisha kizazi na kizazi. Anzeni na samaki wadogo wapana waitwao sanfishi, ambao huuma karibu na gati wakati wote wa kiangazi. Mnahitaji fimbo fupi, mshipi mwembamba, ndoana ndogo, chubwi moja, boya na nyungunyungu. Hifadhi kadhaa za jimbo huazimisha fimbo bure.

Mkazi wa jimbo aliye chini ya miaka 16 hahitaji leseni. Mtu mzima anaihitaji, isipokuwa katika hifadhi nyingi za jimbo, ambamo mkazi huvua bila leseni. Pia wikendi moja ya Juni hutengwa kila mwaka ili mtu mzima aliyefuatana na mtoto avue bure. Soma kanuni za ziwa lenu kuhusu idadi na ukubwa wa samaki wa kubeba. Msikae zaidi ya saa moja na nusu mara ya kwanza. Mwondoke watoto wakiwa bado wana hamu, watawaomba wenyewe kurudi.

Baisoni na matofaa

Karibu na Mankato, mwendo wa saa moja na nusu kusini-magharibi ya Minneapolis, hifadhi ya Minneopa ina kundi la baisoni, wale nyati wa Amerika wenye manyoya mazito mabegani, waliorudishwa hapo mwaka 2015. Mnawatazama kutoka ndani ya gari, vioo vimefungwa, bila kupiga honi. Kisha nendeni upande wa pili wa hifadhi kuona maporomoko pacha.

Septemba na Oktoba mashamba ya matofaa hufungua milango. Watoto huchuma wenyewe, hupanda trela la majani makavu, na huonja Honeycrisp, aina iliyozalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota na kutolewa kwa wakulima mwaka 1991. Uliza bei ya mfuko kabla ya kuanza kuchuma.

Usalama wa kiangazi

Sheria ya Minnesota inamtaka mtoto aliye chini ya miaka 10 avae jaketi okozi, lile boya la kuvaa, chombo kikiwa kinatembea. Nyumbani mwako iwe kwa kila asiyejua kuogelea, mtu mzima akiwemo. Mwandikishe mtoto mafunzo ya kuogelea mapema. Katika jimbo lenye maji kila kona, ni mahitaji kama viatu.

Kupe wa hapa wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Tembeeni katikati ya njia, vaeni suruali ndefu zilizochomekwa kwenye soksi, na kila mrudipo mkague mtoto nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na kwenye nywele. Kwa mabinti waliosuka, pitisha vidole katikati ya mistari yote. Kupe akiwa ameng'ata, mkamate karibu kabisa na ngozi kwa kikoleo kidogo na umvute moja kwa moja. Upele wa duara au homa ikitokea wiki zinazofuata, mwone daktari na umweleze kuhusu kupe. Mwonye mtoto asiguse mmea wenye majani yanayoota matatumatatu. Huo huwasha ngozi kwa siku nyingi.

Majira ya baridi

Hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa, na hapa ndipo pana raha ambayo watoto wenu wataikumbuka. Siri ni mavazi. Nguo ya kugusa ngozi isiwe pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho huupoza mwili. Chukua ya sintetiki au sufu laini. Juu yake sweta zito, kisha koti na suruali visivyopitisha upepo na maji. Glavu zenye mfuko mmoja wa vidole vyote hutunza joto kuliko zenye vidole vitano. Maduka ya mitumba huwa na nguo za theluji za watoto kwa bei ndogo, hasa ukienda Septemba.

Kilima chochote cha bustani ya mtaa hutosha kwa sleji ya plastiki. Bustani za Theodore Wirth na Elm Creek zina miteremko ya kutelezea kwa maboya ya mpira, kwa tiketi. Bustani nyingi za mitaa hutengeneza viwanja vya barafu visivyo na malipo, pembeni kukiwa na chumba cha kuotea moto, na baadhi huazimisha viatu vya kutelezea. Mzazi naye avae viatu hivyo. Mtoto akimwona baba anaanguka na kuinuka, hatakuwa na hofu ya kuanguka.

Angalia hali ya hewa pamoja na upepo. Hisia ya baridi ikifika nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 30. Siku hiyo kaeni ndani. Juu ya ziwa, barafu mpya iliyo angavu iwe na unene usiopungua sentimita 10 kabla ya mtu kukanyaga kwa miguu, na hata hivyo hakuna barafu iliyo salama kabisa. Muulize mwenye duka la chambo la karibu kuhusu hali ya barafu.

Kalenda ya kubandika jikoni

- Januari na Februari: sleji, kuteleza barafuni, Minnehaha iliyoganda, jumba la mimea la Como.
- Machi: weka nafasi ya kambi ya Julai, andikisha watoto kuogelea.
- Aprili na Mei: Fort Snelling na Minneopa, mito ikiwa imejaa. Kupe wameamka, anza ukaguzi.
- Juni: uvuvi kwenye wikendi ya bure, fukwe za Nokomis.
- Julai: Itasca, usiku mmoja au miwili.
- Agosti: Duluth na pwani ya Superior.
- Septemba na Oktoba: matofaa, na misitu ikibadilika rangi.
- Novemba: hifadhi ya jimbo bila malipo baada ya Thanksgiving.
- Desemba: nunueni sleji kabla ya theluji kubwa.

Msijaribu yote mwaka wa kwanza. Chagueni mahali pamoja karibu na kwenu mwende mara moja kila mwezi, jua liwe kali au theluji imelala, na safari moja ndefu. Jumamosi hii, kabla ya kulala baada ya zamu, tia chai ya tangawizi kwenye chupa, funga chapati kwenye karatasi, waambie watoto wavae viatu, na mwende dakika arobaini tu. Mzoea nje haanzi na safari kubwa. Wiki ijayo ongezeni dakika kumi.